Kichomi cha ubavu wa kushoto mtu akikimbia: ni bandama kweli?

#1 Kocha_Chamwino

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Chamwino, na nasimamia riadha. Tunaandaa timu ya UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), kwa hiyo wanafunzi wanakimbia alfajiri kabla ya vipindi. Karibu kila siku kuna mmoja anasimama njiani, ameinama, mkono umeshika ubavu wa kushoto chini ya mbavu. Akipumzika dakika chache anaendelea na mbio zake vizuri tu.

Wazee wa hapa jibu lao ni moja: bandama. Mzazi mmoja amemtoa binti yake mazoezini, anasema bandama ya mtoto imeamka na akizidi kukimbia itapasuka. Binti huyo ndiye tegemeo langu la mita 3000.

Nauliza wenye elimu na wenye uzoefu. Kichomi hiki ni bandama? Kama ndiyo, mbona kinapoa haraka hivyo? Kama siyo, ni kitu gani kimekaa pale kushoto?

#2 Mzee_wa_Ntyuka

Ni bandama. Sisi tuliochunga ng'ombe tunaijua. Mtu akishiba ugali wa uwele na mlenda halafu akakimbiza ndama, bandama inajaa damu, inavimba, inambana. Zamani mtoto akilalamika hivyo anachanjwa chale pale pale ubavuni, anapakwa dawa, anarudi machungani. Mwalimu, usibishane na wazee.

#3 Mtoto_wa_Area_C

Gesi hiyo. Mtu akijamba inaisha. Uzi ufungwe.

#4 Nesi_Makulu

Mzee wetu, shikamoo. Kwenye chale naomba nikupinge kwa heshima zote. Kama bandama imevimba kweli, kwa malaria au kwa selimundu (sikoseli), chale haiifikii. Inayoumia ni ngozi, na wembe mmoja ukipita kwa watoto watatu unaweza kuwaachia virusi vya homa ya ini au vya ukimwi, achilia mbali pepopunda. Nimeshapokea watoto wana chale mbichi ubavuni, viganja vyeupe kwa kuishiwa damu, na siku kadhaa zimepotea nyumbani wakisubiri chale zifanye kazi.

Mwalimu, kichomi kinachokuja kwa mbio na kuondoka kwa kupumzika si sawa na bandama iliyovimba. Iliyovimba haisubiri mtu akimbie. Mtoto anakuwa na uzito upande wa kushoto hata akiwa amelala, anashiba upesi kwa sababu tumbo la chakula limesukumwa, mara nyingi ana homa za kujirudia au amepauka. Huyo binti mpeleke kituo cha afya apapaswe tumbo. Ni kazi ya dakika moja, na mzazi awepo aone.

#5 AnatomiaUDOM

Nasomea udaktari hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nianze na swali la mwisho la mwalimu, nini kimekaa pale, maana watu wengi wakisema "bandama" wanagusa mahali ambapo bandama haipo.

Weka kiganja juu ya mbavu za chini za kushoto, ubavuni na nyuma kidogo, siyo mbele. Chini ya kiganja hicho, nyuma ya ubavu wa 9, wa 10 na wa 11, ndipo bandama ilipolala. Kwa mtu mzima ni ya ukubwa wa ngumi, urefu kama sentimita 12, uzito gramu 150 hadi 200. Juu yake kuna kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mbele yake kuna tumbo la chakula. Nyuma, chini kidogo, figo ya kushoto. Kwa upande wa ndani, mkia wa kongosho unatokea katikati ya mwili, unapita nyuma ya tumbo la chakula mpaka unafika pale mishipa ya damu inapoingilia bandama. Na chini yake utumbo mpana unapiga kona: ulikuwa unakuja kutoka kulia, hapo unageuka kushuka.

Kwa hiyo kwenye eneo la kiganja kimoja kuna viungo vitano na kiwambo juu yao. Mtu akisema kinamuuma "pale", bado hajakutajia kiungo.

Bandama ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote vya mfumo wa limfu, mfumo ule ule wa tezi zinazovimba shingoni ukiumwa koo, au mitoki ukiwa na kidonda mguuni. Tezi hizo zinachuja maji ya limfu. Bandama inachuja damu yenyewe. Ndani ina sehemu nyekundu, inayokamata chembe nyekundu zilizochakaa baada ya kuishi siku 120 hivi, na sehemu nyeupe iliyojaa chembe za kinga. Pia inahifadhi karibu theluthi moja ya chembe sahani, zile za kugandisha damu.

Kuhusu kupasuka: bandama yenye afya haipasuki kwa kukimbia. Inapasuka kwa ajali, kwa kuanguka, kwa teke. Iliyovimba ndiyo ya kuogopewa, hiyo pigo dogo tu linaweza kuipasua.

#6 Bucha_Kizota

Msomi ameeleza vizuri. Niongeze ninachokiona kwa macho machinjioni.

Ukishampasua mbuzi, ubavu wote wa kushoto umejaa tumbo kubwa la majani. Bandama unaikuta imegandamana na tumbo hilo, juu kabisa karibu na kiwambo, rangi ya damu ya mzee. Kisu hakihitajiki, unaibandua kwa vidole. Ya ng'ombe ni ndefu na bapa, ya mbuzi ni fupi, ina pembe. Ukiikata inatoka damu tu, haina nyama ndani. Hivyo kwenye kubeba damu Mzee_wa_Ntyuka yuko sawa.

Mkaguzi wa nyama haipiti hivi hivi. Akiikuta kubwa, nyeusi, laini mpaka inamwagika, anasimamisha kazi pale pale, kwa sababu ya kimeta. Hakuna mtu anaruhusiwa kugusa tena.

#7 BwanaMifugo_Mpwapwa

Bucha, hapo kwenye "haina nyama ndani" nikusahihishe. Bandama ina ganda, na kwa baadhi ya wanyama ganda hilo lina misuli mingi. Farasi na mbwa ndio mabingwa. Farasi akianza kukimbia bandama yake inajikaza na kumwaga chembe nyekundu kwenye mzunguko, damu inakuwa nzito mara moja, anapata hewa zaidi. Kwa binadamu misuli hiyo ni michache sana.

Na Mzee, kwa heshima, umegeuza jambo. Katika mbio bandama haivimbi. Inapungua.

Ya kuvimba kweli njoo nikuonyeshe ng'ombe wa ndigana baridi, ule ugonjwa wa kupe. Ukimfungua unakuta bandama imekuwa kubwa, na upande wa pili mfuko wa nyongo umejaa nyongo nzito. Sababu ni hiyo aliyotaja msomi: vimelea vinakaa kwenye chembe nyekundu, bandama inazikamata zote, inazidiwa na kazi.

#8 Mzee_wa_Ntyuka

Vijana, sikilizeni. Nikisema inavimba mnasema inajikaza. Haya, inajikaza. Msuli wa mguu ukijikaza ghafla usiku si unaruka kitandani kwa maumivu? Basi na bandama ikijikaza ghafla inauma. Mmenipa ushahidi wenyewe.

#9 Mtoto_wa_Area_C

Mzee ana hoja hapo. Lakini bado gesi.

#10 AnatomiaUDOM

Hoja ya mzee ilishawahi kufikiriwa na madaktari, siyo ya kutupwa. Binadamu akifanya zoezi kali, kwenye ultrasaundi bandama inaonekana imepungua. Akizamia bila mtungi, vile vile. Mwaka 2018 ilitolewa taarifa ya Wabajau wa Indonesia, jamii ya wazamiaji wa vizazi vingi: bandama zao ni kubwa kwa karibu asilimia 50 kuliko za majirani zao wakulima, hata kwa Wabajau wasiozamia. Kwa hiyo kujikaza kupo.

Kinachonitatiza ni pande. Watu wazima wengi kichomi kinawapata kulia zaidi kuliko kushoto, na kulia hakuna bandama. Kulia kuna ini, kiungo cha kilo moja na nusu, na mfuko wa nyongo chini yake. Ini halijikazi. Ukisema kushoto ni bandama, itabidi utafute sababu nyingine ya kulia, wakati maumivu ni ya aina ile ile.

#11 Msomaji_Ihumwa

Mzee, wewe una wenzako tangu enzi. Mrumi mmoja, Pliny, aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba bandama huwa kizuizi kwa wakimbiaji, na wenye shida hiyo huipunguza kwa kuchomwa moto. Hata Warumi walikuwa na chale zao.

#12 Mzee_wa_Ntyuka

Asante mjukuu. Mwambie na nesi.

#13 Nesi_Makulu

Nimesoma, mzee wangu. Hao Warumi nao ningewakatalia.

#14 Abiria_Mmoja_Nkuhungu

Nimefuatilia uzi huu kwa makini kwa sababu mimi bandama sina.

Nilikuwa bodaboda. Gari lilinigonga kwenye barabara ya Singida, usukani wa pikipiki ukaniingia chini ya mbavu za kushoto. Cha ajabu, kilichoniuma kwanza ni bega la kushoto. Nikawa nawaambia watu nimevunjika bega, kumbe bega zima, damu inavujia tumboni. Nilipasuliwa usiku ule ule, bandama ikatolewa, haikuwa ya kushonwa tena.

Sasa nimepona, jioni nakimbia kidogo kuweka mwili sawa. Na kichomi cha kushoto kinanipata, pale pale anapoeleza mwalimu. Naomba Mzee anieleze ni bandama ya nani inayojikaza.

#15 Mtoto_wa_Area_C

Hapa Mzee ameshikwa.

#16 Bucha_Kizota

Pole sana ndugu yangu, na hongera kwa kupona. Hili swali ni zito.

#17 AnatomiaUDOM

Pole ndugu. Nikiri kwanza uzito wa kesi yako: kama kichomi kinapatikana bila bandama, basi bandama si lazima. Ila haimtoi mzee mchezoni moja kwa moja. Bandama ikipasuka, vipande vyake vidogo vinaweza kumwagika tumboni, vikajishika penye damu na vikaota. Pia takribani mtu mmoja kati ya kumi anazaliwa na vibandama vidogo vya ziada pembeni ya ile kubwa, na daktari akitoa kubwa vidogo vinaweza kubaki na kukua. Sababu ya tatu ni makovu: tumbo lililopasuliwa, utumbo unaweza kushikana na ukuta wa tumbo, ukikimbia unavutwa. Ultrasaundi au sitiskani ndiyo ya kuonyesha.

Kuhusu bega, hiyo ni dalili inayofahamika sana. Mshipa wa fahamu unaohudumia kiwambo hautoki tumboni, unatoka shingoni, mahali pamoja na fahamu za ngozi ya begani. Damu ikigusa kiwambo kwa chini, ubongo unasikia bega. Ajali yoyote ya ubavu wa kushoto yenye maumivu ya bega ambalo halijaguswa, mgonjwa akimbizwe hospitali.

#18 Nesi_Makulu

Na mimi nimwambie ndugu wa Nkuhungu jambo moja, ulikumbuke kuliko hiki kichomi. Asiye na bandama anashambuliwa haraka na bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo, na malaria inaweza kumpanda vibaya. Uliza kama ulipata chanjo zake. Na homa ikikushika, usilale nayo ukisema utaona asubuhi. Nenda siku hiyo hiyo, na ukifika tu sema "sina bandama".

#19 Kocha_Chamwino

Asanteni wote. Taarifa fupi: binti amepelekwa kituo cha afya na mama yake, muuguzi amempapasa, bandama haishikiki, damu yake iko vizuri, malaria hana. Mama ameridhika, mtoto amerudi mazoezini. Dada Nesi, Mungu akubariki.

Lakini hilo la bega limenishtua. Nina mwanafunzi mmoja, kichomi kikimbana anasema kinapanda hadi juu ya bega. Hajapigwa wala hajaanguka. Kinaisha akipumzika.

#20 Mwogeleaji_wa_Zamani

Habari zenu. Nimehamia Dodoma na wizara, kwetu ni Mwanza. Huo wa bega tunaujua sisi tuliokulia ziwani. Ukiogelea kwa nguvu kichomi kinakuja, na wengine kinaenda begani.

Kuna uchunguzi ulifanyika Australia na kutolewa mwaka 2000, wanamichezo wakaulizwa kama walipata kichomi ndani ya mwaka. Waogeleaji asilimia 75, wakimbiaji 69, wapanda farasi 62, waendesha baiskeli 32. Angalieni hizo namba. Wengi wanasema kichomi ni kwa sababu viungo vinaning'inia na kuruka ruka mtu akikimbia, nyuzi zinazolishika ini na tumbo la chakula zinavutika. Sasa majini nani anaruka? Na bado waogeleaji ndio wanaongoza.

#21 Mkufunzi_wa_Jimu

Majini huruki lakini unajipinda kila mkono unapopita. Mimi nashikilia kiwambo. Mtoto asiyezoea mbio anapumua juu juu, haraka haraka, kiwambo kinafanya kazi kubwa na damu haikitoshi, msuli unauma kama msuli mwingine wowote. Kiwambo kiko kulia na kushoto, kwa hiyo pande zote mbili zimeelezeka. Mshipa wake unatoka shingoni, kwa hiyo bega nalo limeelezeka. Wafundishe watoe pumzi ndefu, wabonyeze pale panapouma huku wameinama mbele. Kinaachia.

#22 Mwogeleaji_wa_Zamani

Na wapanda farasi? Mtu amekaa, anayehema ni farasi. Mbona asilimia 62?

#23 Mkufunzi_wa_Jimu

Hapo umenipa kazi. Lakini farasi anamrusha aliye juu.

#24 Mwogeleaji_wa_Zamani

Sasa umerudi kwenye nyuzi zinazovutika, ambazo ulizikataa.

#25 Mama_wa_Kondoa

Samahani kutoka nje kidogo. Mwanangu ana selimundu. Kliniki nilifundishwa kumpapasa bandama mwenyewe nyumbani, lakini naogopa kumuumiza. Nesi, naomba unielekeze tena hapa, kwani wapo na wazazi wengine wanaosoma.

#26 Nesi_Makulu

Hujatoka nje hata kidogo, mama.

Mlaze chali, magoti yamekunjwa kidogo ili tumbo lilegee. Kaa upande wake wa kulia. Mkono wako uwe na joto, ukimgusa na mkono wa baridi atakaza tumbo. Anza chini, usawa wa kitovu, siyo juu kwenye mbavu. Weka vidole bapa, usivisimamishe. Mwambie avute pumzi. Akivuta, bandama inashuka, na kama ni kubwa utasikia ukingo wake unagonga vidole vyako. Hakuna kitu? Panda juu kidogo kuelekea mbavu za kushoto, avute tena. Endelea hadi ufike chini ya mbavu. Ukianzia juu na bandama ni kubwa sana, utakuwa umeshaipita bila kujua.

Kwa mtu mzima mwenye afya haishikiki kabisa, hadi iwe imekua kama mara mbili. Kwa mtoto wako, jua ukubwa wake siku akiwa mzima. Siku utakapoikuta imekua ghafla kuliko kawaida yake, naye amepauka, amelegea, hataki kucheza, hapo damu inakusanyika ndani ya bandama na inaisha mwilini. Ni kukimbia hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Watoto wengi wa selimundu, bandama inajeruhiwa kidogo kidogo na damu kuganda ndani yake, hadi kufikia miaka 5 hivi haifanyi kazi tena, ndiyo maana wanapewa dawa ya kinga na chanjo.

Na usikate tamaa. Hapa hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa walianza mwaka 2023 kupandikiza uloto (ule ute wa ndani ya mifupa) kwa watoto wenye selimundu.

Kupapasa huku kuna historia yake. Zamani wapima malaria walikuwa wanaingia kijijini na kupapasa watoto wa miaka 2 hadi 9. Ikishikika kwa zaidi ya nusu ya watoto, kijiji hicho kinahesabiwa kina malaria kali. Huku kwetu malaria ni kidogo ukilinganisha na mikoa kama Kigoma na Geita, kwa hiyo bandama kubwa Dodoma ukiikuta, tafuta na sababu nyingine.

#27 Mama_wa_Kondoa

Asante sana dada. Hilo la kuanzia chini sikuwa nimelishika.

#28 Kijana_Heka

Mimi ni mbeba wa selimundu, siumwi. Tunapanga kupanda Kilimanjaro na wenzangu. Hii bandama inanihusu?

#29 AnatomiaUDOM

Inakuhusu. Huku Dodoma tuko kwenye mita 1,100 na kitu, unaweza kukimbia bila shida. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, hewa ni nyembamba. Kwa baadhi ya wabebaji, juu kule chembe zinajikunja ndani ya bandama, zinaziba mishipa, na sehemu ya bandama inakufa. Dalili ni maumivu makali ya juu kushoto yasiyoachia kwa kupumzika. Si kila mbeba anapatwa, wengi wanapanda na kushuka salama. Mwone daktari kabla, mwambie kiongozi wa msafara, na maumivu hayo yakianza ni kushuka.

#30 Mwogeleaji_wa_Zamani

Nesi amesema tafuteni sababu nyingine. Kwetu ziwani sababu ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo yanakwama kwenye ini, ini linakuwa na makovu. Damu inayotoka kwenye bandama lazima ipite kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Njia ikiziba inarudi nyuma, bandama inavimba mpaka inashuka kitovuni, na mishipa ya koo la chakula inatuna. Siku ikipasuka mtu anatapika damu beseni zima. Nimeona kwa jirani yetu. Alikuwa anaambiwa ana bandama, anachanjwa chale, kumbe tatizo lilianzia upande wa kulia.

#31 Mkulima_Chemba

Upande wa kulia sisi Chemba tunauheshimu tangu 2016. Mwaka ule mahindi yenye sumukuvu yaliua watu huku kwetu, Kondoa na Kiteto. Walioripotiwa kuugua 68, waliofariki 20. Watu walianza na tumbo, kutapika, macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa. Kulikuwa na maneno mengi mtaani kabla haijajulikana ni ini linashambuliwa na sumu ya ukungu. Msione mahindi yamebadilika rangi mkayaosha na kusaga. Ile sumu haiishi kwa kuosha wala kwa kupika.

#32 Kocha_Chamwino

Mkulima, poleni sana kwa msiba ule. Mahindi ya shuleni tunayaanika juu ya turubai na kuyachambua kabla ya kupeleka mashineni, nitalikazia zaidi.

Nirudi kwenye kichomi. Nimewachunguza vijana wangu. Wengi wakitoka nyumbani wanapitia kwa mama mmoja wa juisi ya ubuyu, ile tamu sana, wanakunywa ndipo wanakuja kukimbia. Wiki hii nimepiga marufuku juisi kabla ya mazoezi, wanakunywa baada. Vichomi vimepungua waziwazi. Havijaisha.

#33 Mtoto_wa_Area_C

Ubuyu unaleta gesi. Gesi inapanda inakaa kwenye ile kona ya utumbo mpana aliyoitaja msomi, chini ya bandama. Nimesema tangu juzi.

#34 AnatomiaUDOM

Kona hiyo kweli inakusanya gesi, na maumivu yake watu huyapeleka hadi kwenye moyo kwa hofu. Usishangae nikikuunga mkono nusu. Lakini kuhusu juisi, imeshapimwa kwa wakimbiaji: kinywaji chenye sukari nyingi kinaleta kichomi kuliko maji, na siyo kwa gesi. Sukari nyingi inachelewa kutoka kwenye tumbo la chakula na inavuta maji kuingia utumboni, tumbo linabaki limejaa. Tumbo likijaa linasugua ule utando unaofunika ukuta wa ndani wa tumbo. Utando huo una fahamu kali, unauma mahali maalumu unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, na ule wa chini ya kiwambo unapeleka maumivu begani. Mimi naegemea huko. Waogeleaji, wapanda farasi, ndugu wa Nkuhungu asiye na bandama, wote wanaingia.

#35 BwanaMifugo_Mpwapwa

Nakubaliana na utando. Ila wiki hii ya mwalimu haijathibitisha kitu. Hali ya hewa imebadilika, upepo umepungua, na watoto wanazidi kuzoea mbio. Wagawe, nusu wanywe juisi, nusu maji, halafu wabadilishane.

#36 Kocha_Chamwino

Wazo zuri, nitafanya hivyo baada ya mitihani ya nusu muhula.

#37 Shabiki_Ikungi

Mnabishana wee, sisi Singida tumetoa Alphonce Simbu, dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025, na sijawahi kusikia amekunywa ubuyu njiani. Watoto wakimbie tu, mwili utazoea.

#38 Mzee_wa_Ntyuka

Huyo kijana ametupa heshima Kanda yote ya Kati. Ningependa kumuuliza kama bandama iliwahi kumsumbua utotoni.

#39 Viungo_Kongwa

Nafanya kazi ya tiba ya viungo, nimechelewa kuuona uzi. Mmepekua tumbo lote, hakuna aliyegusa mgongo.

Fahamu za ukuta wa tumbo la juu zinatoka kwenye pingili za katikati ya mgongo. Kuna wakimbiaji waliochunguzwa, wakibonyezwa pingili hizo kichomi chao kile kile kinaamka wakiwa wamelala, bila mbio. Na waliopinda mgongo kwa mbele kinawapata zaidi. Sasa mfikirie mwanafunzi wa huku: asubuhi ameshateka maji, ndoo kichwani, mwingine ametoka kupalilia, halafu anakimbia ameinamisha mabega. Mwalimu, anayelalamika kila mara mlaze kifudifudi, pita na dole gumba pingili moja moja kuanzia usawa wa mabega kushuka. Akiruka kwenye moja, una jibu tofauti na la tumbo.

#40 Mkufunzi_wa_Jimu

Mgongo hauelezi juisi ya ubuyu.

#41 Viungo_Kongwa

Na juisi haielezi wanaoumwa kabla ya kunywa chochote. Mwalimu mwenyewe amesema vimepungua, hakusema vimeisha.

#42 Abiria_Mmoja_Nkuhungu

Mimi mgongo uliumia pia kwenye ile ajali, sikuutaja kwa sababu haukuuliziwa. Nina miadi ya ultrasaundi mwezi ujao, nitaomba waangalie kama kuna vipande vya bandama. Na huo mgongo nimwonyeshe nani hapa mjini?

#43 Mzee_wa_Ntyuka

Wakiona kipande hata kimoja, kijana wangu, njoo useme hapa hapa.